Miguu ya Mwalimu, Kisarawe hadi Kibaha

Siku hizi matangazo ya dawa ya mishipa yamejaa kwenye simu. Unaonyeshwa mguu wenye mistari ya zambarau, pembeni yake mguu laini usio na alama, katikati kopo la krimu, na chini ahadi ya siku saba pamoja na namba ya kutumia pesa. Majuzi binti wa mdogo wangu, ambaye ana duka la nguo Kisarawe mjini, alinitumia tangazo la namna hiyo na swali fupi: "Mama mkubwa, hii ni ya kweli au wanatuibia?" Anasimama dukani tangu asubuhi, ameshazaa, na nyuma ya magoti yake vimeanza kujitokeza vile vishipa vyembamba vyekundu na vya bluu ambavyo madaktari huviita vishipa vya buibui. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, nikajikuta naongea mpaka chai imepoa. Kumjibu vizuri kulinilazimu nirudi nyuma hadi nilipoanza ualimu, na hayo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nilianza kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1980, katika shule ya msingi upande wa Maneromango. Ukishapita Pugu na Minaki ukaiacha Kisarawe mjini, barabara inapanda na kushuka katikati ya mikorosho na mihogo, na masika ikishika, gari lilikuwa linakuja likijisikia. Darasani hapakuwa na kiti cha mwalimu. Kiti cha maana kilikuwa kimoja, ofisini, na ni cha mwalimu mkuu. Sisi wengine tulisimama ubaoni tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na jioni tukasimama tena kisimani tukisubiri zamu ya kuteka.

Vishipa niliviona mara ya kwanza nikiwa na ujauzito wa mtoto wa pili. Rangi yangu ni maji ya kunde, hivyo vilionekana waziwazi: kichane cha mistari ya zambarau nyuma ya goti la kushoto, na vingine vyekundu pajani. Mama mkwe alisema ni ndoo, kwamba najitwisha maji kupita kiasi. Mimi niliogopa kwa ajili ya mtoto. Kliniki nikamwonyesha mkunga, mama wa makamo aliyekuwa na haraka siku zote lakini hakuwahi kumkatisha mtu maneno. Alibonyeza ile mistari kwa kidole, ikapotea. Alipotoa kidole, ikarudi. Akasema mtoto hana tatizo. Damu ya mjamzito huongezeka, inakaribia kuzidi kwa nusu ya ilivyokuwa. Homoni za ujauzito hulegeza kuta za mishipa. Na tumbo linapokua, hukandamiza njia ya damu inayotoka miguuni. "Lala ubavu wa kushoto, inua miguu juu ya mto kila ukipata nafasi, halafu subiri. Ukishajifungua vingi vitaondoka vyenyewe."

Na kweli, mtoto alipoanza kutambaa sehemu kubwa ilikuwa imefifia. Nilipokuja kukutana na mabingwa wa mishipa miaka mingi baadaye, walinithibitishia kwamba yule mkunga alitoa tiba kamili. Mjamzito hachomwi sindano ya vishipa wala hapigwi mwanga wa leza kwa ajili ya urembo. Anasubiri ajifungue, miezi ipite, ndipo yaliyobaki yaangaliwe. Anayemuuzia mjamzito kitu cha kuondoa vishipa anamuuzia jambo ambalo mwili wake mara nyingi ungelifanya bure.

Jirani yangu wa kijiji kile ndiye aliyenionyesha upande wa pili wa jambo hili. Alikuwa mama muuza mkaa, mrefu, mcheshi, mwenye donda juu ya kifundo cha mguu kwa ndani lililokataa kupona. Donda ndugu, watu walisema. Sisi wa Pwani tumekua tukiona matende na mabusha, basi mguu wowote uliovimba huhukumiwa kuwa ni matende. Wengine walisema amekanyaga, yaani ametegewa kitu njiani, na hao ndio waliosikilizwa. Kuku walikwenda, mbuzi akaenda, mguu ukafungwa majani na ukachanjwa chale, na donda likazidi kupanuka.

Muuguzi wa zahanati alipopewa nafasi ya kuutazama, hakuanzia kwenye donda. Alimwambia mama asimame, akapapasa shavu la mguu ambako mishipa minene ilikuwa imejikunja chini ya ngozi. Akagusa ngozi ya kifundo, iliyokuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine na ngumu. Kisha akatafuta mapigo juu ya unyayo kwa vidole viwili, kwa utulivu, mpaka akayapata. Baadaye nilielewa kwa nini: mguu usiopata damu ya kutosha kutoka moyoni, au wenye matatizo ya kisukari, haufungwi bendeji ya kubana ovyo, unaweza kuharibika kabisa. Alipojiridhisha alisafisha donda, akalifunika, akamzungushia bendeji kuanzia kwenye vidole hadi chini ya goti, imebana zaidi chini na kulegea kidogo kidogo kupanda juu. Akamwagiza alale mguu ukiwa juu na atembee, asisimame tu. Kazi hiyo ilirudiwa miezi kadhaa. Lile donda lilifunga.

Nilimuuliza muuguzi damu inahusikaje. Akanieleza kwamba damu ya miguuni inapanda kurudi moyoni kama ndoo za maji zinazopokezanwa na watu waliojipanga mlimani: misuli ya shavu la mguu inasukuma, na ndani ya mishipa mna vilango vinavyofunga ili kilichokwishapanda kisirudi. Vilango vikilegea, damu inashuka, inajaa chini, ukuta wa mshipa unatanuka. Mshipa mkubwa ukitanuka unakuwa ule mnene uliojikunja. Vishipa vidogo vya ngozini vikitanuka vinakuwa ile mistari myembamba.

Madaktari wana madaraja ya kupangia magonjwa haya, mpango wa kimataifa uliotungwa 1994, unaoanzia sifuri hadi 6. Vishipa vya buibui ni daraja la 1. Mishipa minene ni la 2, uvimbe ni la 3, ngozi kubadilika rangi na kuwa ngumu ni la 4, donda lililopona ni la 5, na donda lililo wazi ni la 6. Nataka hapa nieleweke, maana wafanyabiashara hupenda kuwatisha wanawake: mwenye mistari myembamba hana safari ya lazima kuelekea kwenye donda. Walio wengi hubaki daraja la 1 maisha yao yote, na mistari hiyo haiwadhuru. Lakini wapo ambao mistari hiyo inalishwa na mshipa mkubwa unaovuja chini yake. Kwa hao, kuondoa mistari bila kugusa uvujaji ni kazi bure, kwani itarudi.

Na kuna jambo la rangi. Yule jirani alikuwa mweusi sana, na hakuna aliyewahi kuona mstari wowote kwenye mguu wake. Picha za vitabuni na za kwenye matangazo ni za miguu ya Wazungu, mistari inaonekana umbali wa hatua kumi. Ngozi nyeusi inaficha. Kwetu dalili ya kwanza mara nyingi ni mguu kuwa mzito jioni, alama ya soksi kubaki imezama, kuwashwa juu ya kifundo, mkakamao wa usiku, au ngozi ya kifundo kuanza kuwa nyeusi na ngumu. Nimewaona wanawake wengi wakiambiwa ngozi imeungua na jua, kumbe ni damu inayotuama chini yake.

Nilihamia Kibaha mwishoni mwa miaka ya 1990. Mji wenyewe una historia ya kufunza na kutibu kwa pamoja: mradi wa nchi za Nordic uliosainiwa 1963 ulijenga pale shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ukakabidhiwa kwa Tanzania 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi imekulia hapo hapo. Nilidhani nimekuja mjini kupumzika kidogo. Kisha ukaja MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, ada ikafutwa, watoto wakaja kwa mamia, jambo jema ambalo siwezi kulisemea vibaya. Lakini darasa langu lilijaa hadi mlangoni, na mwalimu wa darasa lililojaa hivyo hakai. Ukikaa, waliokaa nyuma wanatoweka machoni.

Miguu yangu ilirudia yale ya Maneromango, na mara hii hapakuwa na mtoto wa kuzaliwa ili mambo yaishe.

Kabla sijaeleza niliyoyafanya, lazima niseme yaliyompata mwalimu mwenzangu wa pale, binti mdogo aliyeajiriwa akiwa na uso mzuri wa rangi ya kahawia iliyoiva. Kibaha ni mji wa barabara kuu. Kinachouzwa Kariakoo asubuhi kinafika Maili Moja kabla ya adhuhuri. Saluni zilikuwa zikichanganya mkorogo nyuma ya pazia na kuufunga kwenye vikopo visivyo na maandishi. Alianza kupaka. Uso uling'aa, akasifiwa hata na sisi wakubwa wake. Miezi ikapita, mashavuni vikaota vishipa vyekundu vyembamba, akitoka juani uso unawaka moto. Akauziwa kopo jingine, la kuondoa vishipa. Nalo likavizidisha.

Daktari wa ngozi aliyemfikia hatimaye alimweleza bila kumgombeza. Ndani ya mikorogo mingi mna steroidi kali, mfano klobetasoli, dawa ya kweli ya magonjwa fulani ya ngozi ambayo hutumika kwa muda mfupi na chini ya uangalizi. Ukiipaka usoni mwezi baada ya mwezi ngozi inakonda, vishipa vilivyo chini yake vinatanuka, na kwa kuwa ngozi imekuwa nyembamba, vinaonekana. Kopo la pili lilikuwa na dawa ileile. Alipoacha, uso ulimwasha na kuvimba, ikabidi aachishwe taratibu, ajikinge na jua, avumilie. Sehemu ya vile vishipa haikuondoka kabisa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo kikopo kisicho na jina hakisomeki na mkaguzi yeyote mpaka akikamate.

Ndiyo maana nilimwambia binti wa mdogo wangu kwa uhakika kabisa: hakuna krimu inayopakwa juu ya mguu ikazama hadi kuziba mshipa. Krimu inaweza kulainisha ngozi. Inaweza kutuliza mwasho. Ikiwa imetiwa dawa kali bila kusemwa, inaweza kuzaa vishipa vipya. Mstari haufutwi hivyo.

Miguu yangu mwenyewe niliipeleka kwanza kwenye zahanati moja ya karibu. Niliyemkuta aliangalia kwa kupita, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hayo mambo ya urembo hayo, umri nao unakwenda." Hakunigusa. Hakuuliza kama mguu unauma, kama unavimba, kama kwetu kuna mwenye tatizo hilo. Na mama yangu alikuwa nalo, maana hali hii hurithiwa sana. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira ile sijaijutia hata leo. Kwanza, shida yangu haikuwa ya urembo tu. Pili, hata ingekuwa ya urembo tu, mtu mzima anayeuliza kuhusu mwili wake anastahili jibu. Kati ya wanawake niliowajua walioangukia kwenye makopo, wengi walikuwa wameshauliza kwa mtaalamu na kuchekwa. Muuza makopo hamcheki mtu. Anamwita dada, anamsikiliza, anampa kiti.

Sikuwa na haraka tena baada ya hapo. Nilikusanya pesa kupitia mchezo wetu wa walimu wanawake, zamu yangu ilipofika nikaenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa. Alinivua viatu, akanisimamisha. Kisha nikapelekwa kupigwa Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachofanana na kile cha wajawazito lakini chenye kufuata mwendo wa damu. Nilipanda juu ya kigoda, uzito wote kwenye mguu mmoja, mpimaji akapaka ute wa baridi kwenye paja na kuteremsha kifaa hadi chini ya goti. Kila alipominya shavu la mguu kwa mkono wake, mashine ilitoa mlio mfupi wa damu ikipanda. Alipoachia, kukawa kimya. Mguu wa kulia ulikuwa hivyo wote. Wa kushoto, alipofika nyuma ya goti, akaachia, na badala ya kimya ukasikika mlio mwingine, mrefu, wa damu ikirudi. Alinionyesha kwenye skrini: damu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde, huo ni uvujaji. Nilikuwa nimeishi na mlio huo miaka kadhaa bila kuusikia.

Uvujaji wangu ulikuwa kwenye tawi, si kwenye mshipa mkuu. Ungekuwa kwenye mkuu, daktari alisema, kuna kuuchomoa kwa upasuaji, njia iliyojulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, au kuuchoma kwa ndani kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, njia zilizoenea kuanzia miaka ya 2000, ambazo mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa tawi langu sindano ingetosha, na hiyo hiyo sindano, kwa dawa hafifu zaidi, ndiyo ingetumika baadaye kwa mistari ya juu. Mpangilio aliusisitiza: kwanza kinacholisha, halafu kinacholishwa.

Tiba hii ya sindano ndiyo inayotegemewa zaidi duniani kwa vishipa vya buibui vya miguuni, kwa hiyo nitaieleza jinsi nilivyoiona. Dawa yenyewe katika hali yangu ilikuwa polidokanoli. Ilianza miaka ya 1930 kama dawa ya ganzi, na Marekani waliiidhinisha kwa kazi ya vishipa mwaka 2010, baada ya Ulaya kuitumia kwa muda mrefu. Kuna nyingine pia, na wapo wanaotumia maji ya chumvi kali. Zote zinafanya kazi moja: zinaunguza utando wa ndani wa kishipa, kuta zinagandana, na mwili unakinyonya pole pole.

Nililala kifudifudi. Daktari alivaa miwani ya kukuza, akaivuta taa, akavuta ngozi kwa vidole vya mkono wa kushoto mpaka ikawa imekaza. Sindano ilikuwa nyembamba kuliko yoyote niliyowahi kuchomwa. Aliiingiza karibu imelala, akasukuma tone dogo, na mstari uliokuwa wa zambarau ukafutika mbele ya macho ya muuguzi aliyekuwa akinisimulia. Tawi baada ya tawi likageuka rangi ya ngozi. Ilinichonyota kidogo, kisha ikawasha. Alichoma hapa na pale, akiweka pamba na kuigandisha kwa plasta. Mwishowe nikavishwa soksi ya kubana na kuamriwa nitembee pale nje nusu saa, nisikae wala nisisimame. Kutembea kunasukuma dawa itoke kwenye mishipa mikubwa na kupunguza hatari ya damu kuganda.

Hakuna aliyeniahidi siku saba. Vishipa vidogo huchukua wiki tatu hadi sita kufifia, vinene kidogo miezi mitatu au minne. Madaktari hukadiria kwamba awamu moja huondoa asilimia 50 hadi 80 ya vishipa vilivyochomwa, kwa hiyo mtu hurudi tena. Na sindano haizuii vipya kuota kwingine. Haya yote niliambiwa kabla ya kulipa. Niliambiwa pia kwamba dawa ikitoka nje ya kishipa inaweza kuacha kidonda, kwamba wachache hupata mzio, na kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tuko katika hatari zaidi ya kubaki na madoa ya kahawia pale palipochomwa. Kwangu madoa yalikuja. Yalikaa karibu mwaka mzima kwenye shavu la mguu wa kushoto, kisha yakaisha. Mtu ambaye hakuandaliwa angedhani ameharibiwa, na angekimbilia mkorogo kuyafuta.

Leza nayo niliiulizia. Mwanga wake hutafuta rangi, na kwenye ngozi nyeusi rangi ya kwanza unayokutana nayo ni ya ngozi yenyewe, kabla ya kuifikia damu. Mashine isiyofaa inaunguza, inaacha mabaka meupe au meusi. Ipo aina inayoenda chini zaidi na kuigusa ngozi kidogo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, na hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa watu wa rangi yetu, mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Siku hizi kuna sehemu za urembo mijini zenye mashine za kuondolea nywele, na baadhi huzitumia hizo hizo kwa mishipa. Uliza aina ya mashine, uliza aliyeishika ni nani, uliza ametibu miguu myeusi mingapi. Akibabaika, ondoka. Kwa miguu, daktari wangu alipendelea sindano. Leza aliiacha kwa vishipa vyembamba mno ambavyo sindano haiingii, na kwa vya usoni.

Zilizobaki zilikuwa soksi. Zinapimwa asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo, wa shavu la mguu, na urefu hadi goti. Kuzivaa ni kazi. Unaigeuza soksi nje ndani hadi kwenye kisigino, unaingiza vidole, unaipandisha kidogo kidogo kwa viganja bila kuacha mkunjo, kwa sababu mkunjo unakata damu. Joto la Kibaha mwezi Januari halimsaidii mtu. Nilikuwa napaka poda, navaa alfajiri kabla sijasimama sana, navua nikirudi. Soksi haziondoi mstari hata mmoja. Zinachofanya ni kuuondoa ule uzito wa jioni, na kwa mwalimu huo ndio uliokuwa ukinifanya niwe mkali kwa watoto kipindi cha mwisho. Mtu wangu wa karibu akiniuliza nini kilibadilisha maisha yangu, nitasema soksi kabla ya sindano. Sindano ilibadilisha ninavyojiona nikivaa gauni, na hilo nalo nililitaka, na nilifurahi nilipolipata.

Kuhusu gharama, bima kwa kawaida huyabeba yanayoitwa ugonjwa na kuyaacha yanayoitwa urembo. Kipimo kilichoonyesha uvujaji ndicho kilichotenganisha mambo hayo mawili katika karatasi zangu. Kwa hiyo hata kwa mwenye nia ya urembo tu, kipimo si hasara.

Nimestaafu sasa, na wanawake wa kikoba chetu cha Kibaha huniuliza mambo haya Jumamosi tukishamaliza hesabu za pesa. Wanauliza kama kukunja nne ndiko kunakoleta vishipa; hakuna uthibitisho wa hilo, kurithi, ujauzito, umri, uzito na kusimama kwa muda mrefu ndivyo vyenye uzito. Wanauliza kama kukanda kwa mafuta ya nazi kunasaidia. Kunapendeza, lakini mguu mmoja ukivimba ghafla ukawa wa moto na unauma, usiukande hata kidogo, nenda hospitali siku hiyo, huenda damu imeganda ndani. Nawafundisha kunyanyua visigino na kuvishusha wakiwa wamesimama kwenye biashara zao, ili shavu la mguu lisukume.

Mwaka jana mmoja wao, mama lishe mwenye kibanda karibu na stendi, alisubiri wenzake waondoke. Akapandisha kanga. Mistari ya pajani ndiyo aliyotaka nione, maana inamkera, harusi ya mwanawe inakaribia. Mimi niliona kifundo: ngozi imekuwa nyeusi ya kung'aa, ngumu, na alama ya ukanda wa kandambili imezama. Nilimwambia nilichokiona, nikamwambia na mistari yake haijasahaulika. Tulikwenda wote hospitali wiki iliyofuata. Daktari kijana aliyemwona alimpapasa mguu, akatafuta mapigo, akampima sukari, akaandika Dopla. Mama akamuuliza, kwa sauti ya chini, "Na hii ya juu, daktari?" Nilishika pumzi. Yule kijana akavuta kiti, akamweleza kama nilivyoelezwa mimi: kwanza kifundo, soksi na uvujaji, baadaye mistari, kwa sindano, kama bado ataitaka, na kabla ya harusi haitawahi. Mama akasema atavaa dera. Lakini sindano anaitaka, na Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari lake ili tupige hesabu ni hisa ngapi za kikoba zitatosha.